Mioyo Mitatu ya Jumatano

Mwanangu Mwanaidi,

Hali yako siiulizi, maana saa nne asubuhi ya leo nimekuona kwa macho yangu ukipanda basi la Korogwe, begi moja mgongoni na jingine mkononi, na ukanikatalia katakata nisikubebee. Leo unalala kwa bibi yako umuage, kesho asubuhi unapanda basi la Dar hapo hapo Korogwe, na keshokutwa ndege ya Afrika Kusini. Mimi nilirudi bucha, nikauza nyama mpaka ikaisha, nikaosha kulabu, nikakwangua gogo. Sasa ni alasiri. Nimekaa kwenye kiti kile cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, gazeti nimelitandika juu ya gogo na karatasi juu ya gazeti. Wapita njia wananichungulia. Mmoja ameniuliza kama nimeshitakiwa. Nimemwambia namwandikia binti yangu anayesafiri, akasema si umpigie simu tu, mzee. Nikamjibu yapo ya simu na yapo ya karatasi, akaenda zake akicheka.

Mambo ya sweta, chakula na kufunga mlango siyaandiki. Bibi yako atakuambia yote hayo kuanzia magharibi, na aliyoyasahau atayakumbuka ukiwa umeshasinzia. Mimi nina jambo moja tu, na najifahamu nilivyo: nikiliacha la mwisho nitatafuta njia ya kutolifikia. Kwa hiyo nalitaja sasa, halafu nitazunguka kidogo, univumilie. Katika ile mioyo kumi na miwili ya mbuzi uliyoipima likizo ya mwaka jana, mitatu nilikudanganya. Ni ile mitatu unayoijua.

Najua umeshashtuka. Ngoja kwanza, usiikunje karatasi.

Ulipokuwa na miaka sita au saba, mama yako alikuwa akikuacha hapa bucha anapokwenda sokoni kuuza maandazi. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu haifiki chini. Watoto wengine waliogopa damu. Wewe siku moja uliniuliza kwa nini maini yanateleza na moyo hautelezi. Nikakujibu ni kwa sababu moyo unafanya kazi. Wallahi sijui jibu hilo nililitoa wapi, lakini uliridhika nalo, ukashinda unamwambia kila mteja. Mtu ameomba nusu kilo ya mchanganyiko, wewe unamweleza kwamba moyo hautelezi kwa sababu unafanya kazi. Mama yako aliporudi alikuta watu wanacheka, akasema huyu atakuwa mchinjaji kumpita baba yake. Nilitamani iwe hivyo, sikufichi. Hata ulipofaulu kidato cha nne nilizunguka wiki nzima nikiipigia debe bucha kwako, eti kazi ya mikono haina likizo. Ulinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha ukaenda kununua godoro la bweni.

Sasa nikueleze kitu cha kazi yetu ambacho umekiona tangu utotoni, na huenda hukuwahi kukitazama. Mteja wa nyama ana swali moja. Hakuulizi umeamkaje wala nyama imetoka wapi. Anauliza, "Ya leo?" Na mchinjaji ana jibu moja. Ulimi wangu ulifundishwa jibu hilo huko Mazingara, nikiwa kijana najifunza kazi kwa marehemu baba mdogo, ambaye hakuwa na friji wala chumba cha bucha; alitundika mbuzi kwenye mwarobaini siku ya gulio, akauza mpaka jua likapinda. Alinifundisha kuchuna bila kutoboa ngozi, kufuata kiungo kwa ncha ya kisu, na kusema "ya leo" kabla mteja hajamaliza kuuliza. Alisema ukisita hata kidogo, mtu ameshakwenda kwa jirani. Na mara nyingi ilikuwa kweli. Siku isipokuwa kweli, ilikuwa ya jana jioni, na nani amekufa? Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka nenda miaka rudi. Nililisema neno lile bila hata kuinua uso kutoka kwenye kisu.

Likizo ile ulikuja na kompyuta, rula, mizani ndogo ya kuning'iniza, na daftari ulilochora mistari mwenyewe. Ukaniambia chuoni wanataka uunde moyo ndani ya kompyuta. Nikadhani unachora picha, nikakusifia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaniita uani, ukaniwekea mkononi kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukasema nivute niachie. Nikavuta, ukarudi. Ukasema huo unakumbuka ulipotoka. Ukachovya kijiko kwenye asali, ukakiinua, asali ikateremka taratibu, ukasema hii haikumbuki kitu, inakwenda tu. Halafu ukaniambia moyo ni vyote viwili: ukiuvuta unarudi, ila haurudi papo hapo, na ukiushikilia pale pale unalegea. Uliponiona nimekodoa macho ukanitoa nje kwenye bodaboda ya jirani, ukanionyesha shokapu yake, springi kwa nje na oili kwa ndani. Ukasema ndani ya kompyuta umepanga springi na shokapu za namna hiyo, na kazi iliyobaki ni kujua kila moja ina ugumu kiasi gani. Ugumu huo haubuniwi. Unapimwa kwenye moyo wenyewe ukiwa mbichi, haujakakamaa. Chuoni ungepata mioyo ya barafu. Kwa baba yako ungepata yenye joto. Nilijisikia mtu mkubwa, nikanunua hata chupa mpya ya mdomo mpana yenye mfuniko.

Ukanipa masharti. Moyo usitundikwe kwenye kulabu, maana uzito wake wenyewe unauvuta. Usioshwe kwa maji ya baridi. Utiwe kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na uwe umefika nyumbani kabla saa nzima haijapita tangu mbuzi achinjwe. Mimi niliyezoea kutundika kila kitu mpaka kofia yangu, nikajifunza upya uzeeni. Bwana afya akishakagua na kugonga muhuri wake, naitia mioyo chupani, napanda pikipiki, mbio. Pale machinjioni wakanibandika jina la Daktari. Ikifika saa ya kuondoka wanasema daktari ameitwa wodini. Nilijifanya nakasirika.

Zile asubuhi, mwanangu, nazikumbuka mpaka harufu yake. Nikikata kona nakuta umesimama mlangoni, kanga umeifunga kiunoni juu ya suruali, mikono umeshaiosha, unainyoosha upokee chupa. Tangu mama yako atutoke, hakuna mtu aliyewahi kusimama kwenye mlango ule akinisubiri mimi. Unakata ukanda mwembamba upande wa kushoto wa chini, unaufunga uzi huku na huku, unauvuta kwa mara moja mpaka kwenye alama, unaushikilia. Mimi na simu yangu naita sekunde: kumi, ishirini, thelathini. Wewe unasoma mizani na kuandika. Namba inashuka haraka, halafu taratibu, halafu inakaa. Unaniambia nitazame, hujaulegeza wewe, umelegea wenyewe. Nyama iliyobaki tunaikaanga na vitunguu, tunainywea chai, na unanieleza tena yale niliyojifanya nimeyaelewa jana. Nilikuwa na furaha. Nalisema leo kwa kuwa wakati ule sikulisema.

Wiki ya mwisho ndiyo ilikuwa ya vipimo vyenyewe. Za nyuma tulikuwa tunajifundisha mikono. Ulitaka mioyo mitatu kila siku, Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa urudi chuoni. Jumatano nilichinja mbuzi sita kwa sababu kulikuwa na shughuli ya harusi. Mioyo mitatu nilikuletea kwa masharti yako yote. Mitatu mingine niliitundika kama desturi yangu, ikakaa kwenye kulabu kutwa nzima, haikupata mnunuzi, jioni nikaitia kwenye friji. Usiku ikanyesha. Alhamisi alfajiri rafiki yangu mfugaji, yule Mmaasai anayeniletea mbuzi, akanipigia simu kwamba makorongo yamejaa, hapiti mtu wala mnyama.

Ningekuja nyumbani nikakwambia, mwanangu, leo hakuna. Maneno matatu tu. Badala yake nilisimama hapa hapa nilipokaa sasa, nikapasha maji ya chumvi, nikaitumbukiza ile mitatu ya Jumatano mpaka ikapata joto kama imetoka kifuani muda ule. Nikaitia chupani, nikaita bodaboda. Wewe ukaipokea chupa kwa viganja viwili, ukatabasamu, ukaniambia leo nimewahi.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Eti ulikuwa umebakiwa na siku moja, eti nilikuhurumia, eti moyo ni moyo. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka asubuhi ya mwisho ipite bila wewe kusimama mlangoni ukinisubiri. Nyingine zote ni mapambo.

Unakumbuka namba hazikushuka. Niliita kumi, ishirini, nikafika mia tatu, mizani imekaza tu. Ukapima wa pili, yale yale. Wa tatu, yale yale. Ukakunja uso, ukaangalia uzi, ukaangalia rula, ukalaumu kila kitu isipokuwa mimi. Jioni, ukiwa unapanga nguo zako, ukaniuliza mara moja tu, kwa upole.

"Baba, mbuzi wa leo walichinjwa saa ngapi?"

Nilikuwa nakula. Sikuinua uso.

"Ya leo," nikasema. "Alfajiri, kama kawaida."

Ukaandika.

Inabidi nikueleze na jambo la pili, maana hilo la kwanza halikuzaliwa peke yake. Linamhusu mama yako. Usilisome umesimama, tafuta pa kukaa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Korogwe kwa bibi yako, sisi watatu, wewe katikati? Mama yako alikuwa mtu mwingine akishaona nyumba za Korogwe. Alianza kuchanganya Kishambaa kabla basi halijasimama, akawa msichana tena, akakushika mkono mkakimbilia kuitazama reli hata kama hakuna treni, na mimi nyuma nimebeba kapu na kuku. Nilikuwa nanung'unika njia nzima kuhusu yule kuku. Leo ningembeba kuku huyo mpaka Tanga kwa miguu.

Alianza kuhema mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Akipandisha ndoo ya maji vile vidaraja vitatu vya uani, anasimama kwanza. Usiku akaanza kulalia mito miwili, kisha mitatu. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akaniambia twende Korogwe, tufikie kwa mama yake, akaonwe hospitali. Nikamwambia tusubiri Idi ipite. Mchinjaji gani anafunga bucha kuelekea Idi? Idi ikapita, nikaona tumalize kwanza na mbuzi wa akika ya jirani. Tulipokwenda, mwezi wa tatu ulikuwa unakatika tangu aanze kuhangaika na pumzi.

Daktari akauliza hali hii imeanza lini. Mama yako alifungua mdomo, nikamwahi. Nikasema wiki hii tu, daktari. Niliona aibu, mwanangu. Sikutaka yule mtu wa koti jeupe ajue kwamba mke wangu alikuwa analala ameketi huku mimi nakata nyama ya sikukuu. Daktari akaandika wiki moja. Akatibu kitu cha wiki moja, akatupa vidonge, tukatoka. Nje, kwenye ile njia ya kokoto, mama yako akanishika mkono apumzike, akanitazama usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua.

"Baba Mwanaidi," akasema, "na mimi umeniuza kama ya leo."

Hakulirudia tena maishani mwake, na najua hakukwambia. Mara ya pili tulimpeleka akiwa amezidiwa, ndipo daktari mwingine akatueleza kwamba moyo wake unakamua vizuri ila umekuwa mgumu, haulegei kupokea damu. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, umesimama karibu na dirisha na sare zako za shule, na nilikuona midomo ikitamka lile neno bila sauti. Haulegei. Ninajua safari yako ilianzia dirishani pale. Kama miezi ile mitatu ingemwokoa, sijui. Nimeuliza watu wanaojua, wakaniambia huenda ndiyo, huenda hapana. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliyeficha niko hai na nakunywa chai, na aliyeondoka ni yeye. Nimelia sana kwa ajili ya hili, mara nyingi nikiwa nakata vitunguu ili usiniulize.

Basi juzi ukanionyesha grafu yako. Mistari tisa inateremka pamoja, mitatu imekaa juu peke yake. Ukaniambia kompyuta iligoma kuifuata ile mitatu mpaka ulipoongeza shokapu nyingine kwenye mfano wako, na walimu wako wakapendezwa, na huko unakokwenda wamekuchukua hasa kwa ajili hiyo. Wanataka uitafute shokapu hiyo kwenye mioyo ya wagonjwa wanaohema kama alivyohema mama yako. Ukanikumbatia, ukasema hii mitatu ndiyo iliyokupatia nafasi. Nikasema Alhamdulillahi. Kisha nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya jiko kama mtoto aliyevunja chungu.

Mimi si msomi, lakini moyo wa jana naujua kwa kidole gumba. Mnyama akishakufa nyama yake inakaza, halafu baadaye inaanza kulainika, kila mchinjaji anajua. Moyo uliotundikwa kutwa umevutwa na uzito wake mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha. Kisha moyo huo ukaingia kwenye baridi, ukatoka, ukapashwa moto. Ile shokapu uliyoiongeza, mwanangu, naogopa haimo kifuani mwa mtu yeyote. Nimeiweka mimi.

Inawezekana nakosea. Inawezekana hata moyo uliolala una la kufundisha, ila ufundishe kwa jina lake, uitwe moyo wa jana. Hapo ni uwanja wako, siuingii. Changu ni kukupa saa za kweli, nazo ni hizi. Mbuzi wale walichinjwa Jumatano, baina ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri. Mioyo ilikaa kwenye kulabu mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikakaa ndani ya friji mpaka saa moja asubuhi ya Alhamisi, na umeme ulikatika mara moja katikati ya usiku, sijui kwa muda gani. Ikakaa kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa. Madume wawili na jike mmoja. Ile tisa mingine ni kama nilivyokwambia, na kwa hiyo niko tayari kuapa mbele ya mtu yeyote.

Siku mbili hizi nimebishana na nafsi yangu mpaka nimechoka. Inaniambia ninyamaze, mtoto ameshapata nafasi, akifika huko atapima mioyo mingine na uongo wangu utajifia wenyewe bila mtu kuumia. Ni maneno matamu. Kisha namwona mama wa mtu mwingine amelalia mito mitatu mahali fulani, na daktari anasoma kwenye kompyuta jambo lililotoka kwenye friji yangu hapa Handeni, na naichukua kalamu tena. Ukiipoteza nafasi hii kwa sababu yangu nitaumia, na wewe utaumia zaidi, na una haki ya kunikasirikia mpaka uchoke, kisha upumzike uanze tena. Lakini ukijenga maisha juu ya mioyo ile, siku utakayogundua mimi nitakuwa mchangani na hutakuwa na wa kumuuliza.

Juu ya ukweli sikupi wosia. Mchinjaji huyu atoe wosia huo kwa uso gani? Nakusimulia tu lililonipata. Uongo wangu mkubwa haukunitoka kwa hila, ulinitoka kwa mazoea, haraka haraka, nimeinamisha kichwa, na uliwaangukia watu wawili niliowapenda kuliko wote. Wewe una akili nyingi na kazi yako ina namba nyingi, na siku moja mtu atakuuliza kitu nawe utakuwa umechoka, una njaa, jibu liko tayari mdomoni. Siku hiyo nikumbuke mimi na sahani yangu.

Kwa upande wangu, tangu juzi nimejaribu. Jana mama mmoja aliuliza kama maini ni ya leo, nikamwambia hapana, mama, ni ya jana jioni. Alinitazama kana kwamba nimepatwa na homa, akavuka barabara akaenda bucha ya pili. Mzee aliyekuwa nyuma yake akauliza na paja. Nikamwambia hilo ni la leo, akaniambia naanzaje kukuamini sasa. Tulicheka wote wawili, lakini swali lake nimelala nalo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kesho alfajiri nimpe barua hii kondakta wa basi la Korogwe, akukabidhi pale stendi, uisome ndani ya basi la Dar ukiwa umeshapita Segera na mimi niko huku nauza nyama. Sasa hivi nikiisoma toka mwanzo naona huo ndio mchezo wangu ule ule wa kuinamisha uso. Kwa hiyo kesho bucha haifunguliwi. Nitapanda basi la kwanza la Korogwe, nikukute stendi kabla ya basi lako la Dar, na nitakupa karatasi hizi kwa mkono wangu. Nitasimama mbele yako unaposoma. Lolote unalotaka kuuliza uliza, nitakujibu nikikutazama machoni. Ukitaka kuwapigia simu walimu wako pale pale, nipe na mimi niwaeleze, nitawaambia kama nilivyokuandikia. Ukitaka tusiongee, nitakaa kimya karibu yako mpaka basi liondoke. Nakupenda, mwanangu, na nimechelewa sana kuliandika neno hilo mahali popote.

Kesho ukiniona nashuka, usianze na shikamoo. Soma kwanza. Ukimaliza, kama bado unayo ya kunipa, nitaiitikia.

Baba yako